Lumumba na ile nyumba ya Kalina: siku 48 za kufungiwa

Watu wengi wakiongelea kifo cha Patrice Emery Lumumba wanaanzia Shilatembo, kule Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Lakini mambo yalianza kuharibika mapema, ndani ya nyumba ya leta: makao ya waziri mkuu huko Kalina, mtaa ambao leo unaitwa Gombe, Kinshasa.

Tarehe 5 Septemba 1960, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba kazini. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu akachukua uongozi. Lumumba hakuhama. Kwake yeye, bunge lilikuwa bado upande wake, basi nyumba ilikuwa yake bado. Tarehe 10 Oktoba walitaka kumkamata, ONU ikakataa. Toka siku hiyo nyumba ikazungukwa mara mbili: karibu, askari wa ONU wanamlinda asikamatwe, nyuma yao, basoda wa Kongo wanangoja atoke. Hali hiyo ilidumu siku 48.

Vitabu vya shule vinapita haraka hapo, tena vinasahau familia. Watoto wakubwa, François, Patrice na Juliana, walitolewa nchini kwa siri na kupelekwa Cairo, wakapokelewa na Rais Nasser. Roland, aliyekuwa mdogo kabisa, alibaki. Mwezi wa Novemba, Christine, binti aliyekuwa amezaliwa tu, alifariki huko Uswisi. Baba aliomba kumzika Stanleyville, leo Kisangani. Walimkatalia.

Usiku wa tarehe 27 Novemba mvua kubwa ilinyesha. Motokari iliyokuwa inarudisha wafanyakazi wa nyumba kwao ikatoka kama kawaida. Lumumba alikuwa amelala chini, nyuma ya miguu yao. Basoda hawakuangalia vizuri. Aliacha maandishi ya kueleza kwamba safari yake ni ya mambo ya familia tu, na ya muda mfupi.

Ni kweli kuhusu mtoto. Lakini siasa ilikuwemo pia: siku tano mbele, tarehe 22, Baraza Kuu la ONU lilikuwa limekubali ujumbe wa Kasa-Vubu New York, na watu wake Lumumba walikuwa wanamngojea Stanleyville. Hakufika. Njiani alisimama mara nyingi kuongea na watu, na tarehe 1 Desemba alikamatwa Lodi, kwenye mto Sankuru. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekwisha kuvuka, akarudi kwa sababu bibi yake Pauline Opango na Roland walikuwa bado ng'ambo ya pili.

Februari 1961, kisha kifo kutangazwa, Pauline alitembea katika barabara za Léopoldville kifua wazi, kama mama mwenye kilio, akaenda ONU kuomba maiti ya bwana yake. Hakupewa kitu. Alifariki Desemba 2014 bila kuona kaburi.

Tarehe 20 Juni 2022 watoto waliitwa katika nyumba nyingine ya leta, jumba la Egmont, Bruxelles. Serkali ya Ubelgiji iliwarudishia jino moja, ndilo lililobaki la mwili wa baba yao. Jeneza lilipitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga, kisha likazikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 Juni.