Lahaja za Kompyuta: Kwa Nini Mashine Mpya Haimwelewi Jirani Yake

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Nataka tuzungumzie swali ambalo kila fundi wa kompyuta hapa Nakuru ameulizwa angalau mara moja: "Mbona hii mashine mpya haifungui folda iliyo kwenye ile ya zamani?"

Mimi niliulizwa mwaka 2019, nikiwa ndio kwanza nimetoka chuo kikuu. Ilikuwa ofisi ya chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, upande wa Molo. Kulikuwa na kompyuta nne. Moja ilikuwa na Windows XP, na ndiyo iliyobeba programu ya hesabu: nani ameleta kilo ngapi asubuhi, ngapi jioni, na mwisho wa mwezi anadai shilingi ngapi. Mbili zilikuwa na Windows 7, zote za mitumba. Ya nne ilikuwa mpya kabisa, Windows 10, imenunuliwa kwa ajili ya karani wa malipo. Zile za Windows 7 zilifungua folda ya XP bila shida. Ile mpya ilikataa katakata.

"Kijana wangu," katibu akaniambia, "wakulima wanalipwa tarehe tano. Leo ni tarehe mbili."

Nilipata jibu kwenye intaneti kabla chai haijapoa: washa kitu kinachoitwa SMB1. Nikawasha. Neno la siri likaanza kusumbua, nami nikaona njia ya mkato: nikaifungua folda kwa kila mtu, kusoma na kuandika, bila neno la siri. Mambo yakaenda. Nililipwa, nikapewa na lita mbili za maziwa juu yake. Nilirudi Nakuru nikijiona bingwa :-)

Sikujua nilikuwa nimefungua mlango gani. Historia ya mlango huo ndiyo makala ya leo.

Lugha moja, lahaja nyingi

Kompyuta mbili zinaposhiriki folda, hazipeani faili hivi hivi tu. Zinazungumza. Moja inauliza, "Una folda gani?" Nyingine inajibu, "Nina hizi, lakini wewe ni nani?" Mazungumzo hayo yana kanuni zake, nazo ndizo tunaziita itifaki. Kwenye Windows itifaki hiyo inaitwa SMB.

Sasa sikiliza jambo ambalo hufurahisha Mswahili. Waliotunga SMB waliyaita matoleo yake "lahaja". Ndiyo, lahaja, kama Kimvita, Kiamu na Kiunguja. Kompyuta inayoomba huanza kwa kutaja lahaja zote inazozijua. Inayoombwa huchagua iliyo ya juu kabisa kati ya zile wanazozijua wote wawili, na kuanzia hapo wanaongea hiyo. Wakikosa hata moja ya pamoja, mazungumzo yanaishia hapo, na wewe unaona ujumbe wa makosa usioeleza chochote.

Kwa hiyo mashine ya Molo haikuwa mbovu. Ilikuwa imeambiwa isahau lahaja ya wazee.

Ilikotoka

SMB ilizaliwa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtungaji wake, Barry Feigenbaum, kwanza aliiita BAF, herufi za jina lake mwenyewe, kisha akabadilisha. Wakati huo kompyuta za ofisini zilikuwa chache, zimefungwa pamoja kwa kebo ndani ya jengo moja, na kila aliyezigusa alijulikana. Hakuna aliyefikiria mwizi kutoka bara lingine. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Microsoft waliichukua SMB wakaiendeleza, na mwaka 1992 wakaiweka kwenye Windows for Workgroups, toleo la Windows lililomwezesha mtu wa kawaida kushiriki folda bila seva ya bei ghali. Tangu hapo ikawa ndiyo lugha ya ofisi.

Lakini je, mashine zisizo za Windows? Hapa anaingia Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamifu jijini Canberra, Australia. Mwishoni mwa mwaka 1991 alitaka kompyuta yake ya DOS ifungue folda zilizokuwa kwenye mashine ya Unix. Hakuwa na kitabu cha itifaki ile. Akafanya kama mgeni aliyeshuka stendi ya Nakuru bila kujua lugha ya watu: alikaa akasikiliza. Aliandika programu ya kunasa yanayopita kwenye kebo, akaangalia swali gani huleta jibu gani, kisha akatengeneza seva yake inayojibu vivyo hivyo. Aliitoa bure Januari 1992.

Baadaye ilibidi abadilishe jina la programu kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa inamiliki lile la kwanza. Akatafuta kwenye orodha ya maneno ya kompyuta yake neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Likatokea "Samba". Yeye alipata jina la ngoma ya Brazil, lakini sikio letu linasikia "sambaa" na "sambaza", na kazi ya programu hiyo ni hiyo hiyo.

Watu wa Samba waliendelea kusikiliza kebo kwa miaka kumi na tano. Ni baada ya Tume ya Ulaya kuishinda Microsoft mahakamani Septemba 2007 ndipo, Desemba mwaka huo, walipopata maelezo rasmi ya itifaki, kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000.

Enzi za saiba

Huku kwetu mambo haya yalikuwa na uzito wake. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, tena kwa bei ya kuumiza. Kupeleka faili kubwa kwa baruapepe ilikuwa kazi ya kuvumilia. Lakini kulihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya chumba kimoja, kwa kebo na swichi, kulikuwa bure. Mwenye saiba aliunganisha ripoa moja kwenye mashine moja, akaweka folda moja ya pamoja, na biashara ikaenda.

Mashine zenyewe zilikuwa za kila rika. Windows 98 ilikaa kando ya XP, na XP kando ya Windows 2000 iliyotoka ofisi fulani Uingereza. Shule nyingi pia zilipata mashine zilizotumika. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilizikarabati na kuzipeleka madarasani. Kwa hiyo swali la matoleo tofauti kuelewana lilikuwa hali ya kawaida ya kila chumba cha kompyuta.

Na zilikuwa na vituko vyake. Umewahi kuwasha kompyuta, ukangoja karibu robo saa kabla jina lake halijaonekana kwa majirani? Sababu ni uchaguzi. Mashine za Windows zilipiga kura kuchagua nani atunze orodha ya majina. Yenye mfumo wa juu zaidi ilishinda: Windows 98 haikuwa na nafasi mbele ya Windows 2000. Kila mashine ilijitangaza tena kila baada ya dakika 12, na iliyozimwa ghafla ingeweza kubaki kwenye orodha hadi dakika 51. Mshindi akizimwa, uchaguzi unarudiwa. Hakuna kampeni, lakini kungoja matokeo tuliongojea!

Tatizo lingine lilikuwa neno la siri. Njia ya zamani ya kulificha, iliyotoka kwenye programu ya LAN Manager, ililibadili lote kuwa herufi kubwa, kisha ikalikata vipande viwili vya herufi saba saba. Mwizi hakuhitaji kuvunja kufuli moja kubwa, alivunja mbili ndogo. Windows Vista ilipoingia sokoni Januari 2007, iliacha kuitumia njia hiyo kama kawaida yake, na mashine kadhaa za zamani zikajikuta zimefungiwa nje. Vista ilileta pia SMB2, lahaja mpya iliyopunguza amri kutoka zaidi ya mia moja hadi 19.

Lakini Microsoft hawakuifuta SMB1. Wangeifutaje, na dunia nzima ilikuwa imejaa XP? Waliiacha imewashwa, kwa heshima ya wazee. Windows 7 ikaja nayo mwaka 2009. Windows 8 ikaja nayo mwaka 2012. Na Windows 10 ya mwaka 2015 pia.

Deni linalipwa

Septemba 2016, Ned Pyle wa Microsoft aliandika akiwasihi watu waache kutumia SMB1. Wengi hawakusikia. Machi 14, 2017 kampuni ikatoa kiraka cha kuziba tundu kubwa ndani yake. Mwezi uliofuata, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani silaha ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA, iliyotumia tundu lile lile.

Mei 12, 2017 ikaja WannaCry. Haikuhitaji mtu abofye chochote. Ilipita mlango namba 445, ule ule wa kushiriki folda, ikaruka kutoka mashine hadi mashine, ikafunga mafaili na kudai dola 300. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi 150 ziliguswa, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kesho yake Microsoft walitoa kiraka hata cha XP, mfumo walioacha kuuhudumia tangu Aprili 2014.

Itifaki ya chumba cha watu wanaojuana ilikuwa imekutana na dunia nzima. Oktoba mwaka huo, toleo jipya la Windows 10 likaanza kuja bila SMB1. Samba nao wakaizima mwaka 2019.

Sasa unaelewa kwa nini mashine ya Molo ilikataa. Ilikuwa inamlinda karani, na mimi nikaishinda nguvu.

Kilichotokea Molo

Miezi miwili baadaye katibu alinipigia simu. Mtu alikuwa amefungua kiambatisho cha baruapepe kwenye moja ya zile Windows 7. Programu ya kudai fidia ikafunga mafaili ya mashine ile, kisha ikaingia kwenye folda ya pamoja, ile niliyoifungua kwa kila mtu bila neno la siri. Haikuwa WannaCry, na haikuhitaji ujanja wowote wa NSA. Ilipita mlango niliouacha wazi. Hesabu za wiki tatu zikawa takataka. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ndani ya folda hiyo hiyo.

Kilichowaokoa ni karatasi. Kila mfugaji alikuwa na kadi yake iliyoandikwa kwa kalamu kila alipopima maziwa. Tulikaa siku mbili, mimi na karani, tukizinakili moja moja. Mama mmoja aliyeleta kadi yake aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo kompyuta ilisahau ng'ombe wangu?" Sikuwa na la kujibu. Kazi hiyo sikuidai malipo.

Nilivyopanga upya

Kama una mchanganyiko wa mashine kama huo, hivi ndivyo nilivyofanya baadaye:

1. Tulichukua kompyuta kuukuu, tukaweka Linux na Samba. Mafaili yakahamia huko.
2. XP iliondolewa kwenye intaneti kabisa. Inaunganishwa kwa kebo yake na mashine ya Samba tu, na lahaja ya zamani inakubaliwa kutoka anwani hiyo moja.
3. Kompyuta nyingine zinaongea na Samba kwa lahaja mpya. SMB1 ikazimwa kwenye zote.
4. Kila mtu ana jina na neno lake la siri. Anayehitaji kusoma tu, anasoma tu.
5. Kila jioni nakala inaenda kwenye diski ya nje, kisha diski inachomolewa na kufungiwa kabatini.

Samba, iliyozaliwa kwa kusikiliza, ikawa mkalimani kati ya mzee na kijana, na wawili hao hawakuhitaji tena kukutana uso kwa uso.

Swali hili halijaisha. Windows 10 yenyewe iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 ya toleo la 24H2 inadai mazungumzo yawe na sahihi. Kwenye Pro inakataa hata folda za wageni wasio na neno la siri. Kwa hiyo simu kutoka ofisi za Njoro, Gilgil na Naivasha zitaendelea: "Mbona mpya haifungui ya zamani?"

Ukipigiwa, usikimbilie kufungua mlango kama mimi. Kwanza uliza ulifungwa kwa nini.

Haya, tuonane wakati mwingine. Na leo jioni chomoa diski yako ya nje.