Nakivale na Mikataba ya Arusha

Ziwa Nakivale liko mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka mjini Mbarara, katika wilaya ambayo leo inaitwa Isingiro. Kando ya ziwa hilo walipewa ardhi Watutsi waliokimbia machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959. Yalikuwa makazi ya muda, lakini watu wakazaa na kuzeeka humo.

Kwa miaka 30 misaada ya kimataifa iliwafikia kwa sura ya chakula, zahanati na madarasa. Swali la lini watarudi kwao liliachiwa serikali ya Kigali, nayo ilikuwa na jibu lake: nchi imejaa. Mwaka 1986 chama tawala cha Rais Juvénal Habyarimana kililitangaza jibu hilo rasmi.

Uganda nayo haikuwa kimbilio la uhakika. Oktoba 1982, viongozi wa chama cha UPC na vijana wao walianza kuwafukuza Wanyarwanda katika wilaya ya Mbarara, wakichoma nyumba na kupora ng'ombe. Wengine walikimbilia Nakivale na Oruchinga, makazi yaleyale ya wazazi wao; wengine walivuka kwenda Rwanda, ambayo ilifunga mpaka mwezi uliofuata. Ni vigumu kuelewa vita vya 1990 bila kuuangalia mwaka huo wa 1982. Vijana waliofukuzwa huku na kukataliwa kule walijiunga kwa wingi na jeshi la msituni la Yoweri Museveni, na baada ya ushindi wa 1986 walibaki na bunduki na ujuzi wa kuzitumia. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, chama cha wakimbizi hao, walivuka mpaka kuingia Rwanda pale Kagitumba.

Hapo ndipo diplomasia ilipoamka. Mwezi huohuo Rais Ali Hassan Mwinyi aliwakutanisha Habyarimana na Museveni mjini Mwanza. Februari 1991 viongozi wa eneo hili walikutana Dar es Salaam kuhusu wakimbizi wa Rwanda, na tamko lao likakubali kwamba mkimbizi ana haki ya kurudi. Suala lililosubiri tangu 1959 lilipata kikao chake miezi minne na nusu baada ya risasi ya kwanza. Wakimbizi wenyewe hawakukosa kuona mfuatano huo.

Mazungumzo yalihamia Arusha mwaka 1992, Tanzania ikiwa msuluhishi, Umoja wa Nchi Huru za Afrika chini ya Salim Ahmed Salim ukisimamia, na Ufaransa, Ubelgiji, Marekani na Ujerumani zikifuatilia kama waangalizi. Kwa watu wa Nakivale, ukurasa mzito kuliko yote ulikuwa itifaki ya wakimbizi ya tarehe 9 Juni 1993. Iliwapa haki ya kurudi bila masharti. Papo hapo iliwashauri waliotoka zaidi ya miaka 10 iliyopita wasidai mali zao zilizokwisha kukaliwa na wengine. Waliokimbia 1959 walirudishiwa nchi, ila si shamba la baba. Ulikuwa ushauri mgumu, lakini wa busara: bila huo, kila kilima cha Rwanda kingekuwa na kesi.

Mkataba mzima ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Serikali ya mpito ilipaswa kuundwa ndani ya siku 37. Umoja wa Mataifa, uliotarajiwa kulinda utekelezaji huo, uliidhinisha kikosi cha UNAMIR tarehe 5 Oktoba, muda ukiwa umeshapita. Upande wa Uganda, waangalizi 81 wa UNOMUR waliwekwa Kabale, kwenye barabara ya kutoka Mbarara, wachunge silaha zisivuke mpaka. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea, Baraza la Usalama lilikipunguza kikosi cha Kigali hadi watu 270. Dunia iliyotuma mabalozi wengi kushuhudia saini iliwaondoa askari wakati saini hizo zilipohitaji ulinzi.

RPF iliposhinda Julai 1994, familia za zamani za Nakivale zilirudi Rwanda. Mashamba hayakukaa wazi muda mrefu: Wahutu waliokimbia utawala mpya walifika, kisha Wakongomani, Wasomali na Warundi. Julai 2010 Wanyarwanda wapatao 1,700 walirudishwa kwa nguvu kutoka Nakivale na Kyaka, kwa hoja kwamba kwao kuna amani.

Warundi nao walikuwa na Arusha yao ya Agosti 2000, iliyosukumwa na Julius Nyerere kisha Nelson Mandela. Ilisaidia kuzima vita kwa miaka. Muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza ulipoleta mgogoro mwaka 2015, maelfu walipanga foleni Nakivale, huku mazungumzo yaliyofunguliwa Entebbe Desemba mwaka huo, na baadaye kuongozwa na Benjamin Mkapa, yakiisha bila makubaliano.

Aprili 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua mazungumzo ya Nairobi kuhusu Kongo, na Uhuru Kenyatta akawa mwezeshaji wake. Tarehe 13 Juni waasi wa M23 waliteka mji wa Bunagana, mpakani na Uganda. Waliovuka hapo walipokewa Nyakabande, Kisoro, kisha wengi wakapandishwa mabasi kwenda Nakivale, ambako viwanja vya kulima vimepungua ukubwa kila wageni wanapoongezeka.