Mapadre Weupe, Lugha na Shule: Waislamu wa Usumbura kabla ya Uhuru

Makala haya yanahoji dhana iliyozoeleka kwamba Waislamu wa Bujumbura, Usumbura ya zamani, walibaki nje ya Kanisa kwa sababu tu ya kushikilia imani yao. Kwa kiasi kikubwa, misheni yenyewe iliwapita kando.

Jambo hilo lashangaza. Shirika la Mapadre Weupe lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, likiwalenga kwanza Waislamu. Hata vazi lao, kanzu nyeupe, joho na kofia nyekundu, liliigwa kwa Waarabu wa huko. Rozari shingoni ndiyo iliyowatofautisha. Lavigerie aliwakataza kuwahubiria Waislamu wa Algeria waziwazi: wawatibu, wawafundishe, wasubiri. Subira hiyo haikuvuka jangwa. Walipofika Rumonge mwaka 1879 wakitokea Ujiji, waliwaona wafanyabiashara Waislamu kuwa wapinzani, hasa kwa sababu ya biashara ya watumwa. Wamisionari watatu waliuawa Rumonge tarehe 4 Mei 1881, na kituo kikaachwa. Waliporejea nchini walijenga milimani, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, mbali na ziwa na mbali na Waswahili.

Uamuzi huo ulikuwa na lugha yake. Katekisimu ilifundishwa kwa Kirundi, ilhali Kiswahili, lugha ya ofisi za Wajerumani, kilishukiwa kuwa njia ya Uislamu. Mpaka wa dini ukawa pia mpaka wa lugha. Katika Kirundi cha mitaani neno “Umuswahili” likaja kumaanisha Mwislamu, mara nyingi kwa dharau.

Chini ya Wabelgiji, shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni. Kwa mzazi wa Buyenzi, mtaa waliotengewa Waswahili, kumpeleka mtoto darasani kulikuwa sawa na kumpeleka kanisani. Wengi walikataa. Kuliita hilo uzembe, kama isemwavyo mara kwa mara, si haki: mzazi alilazimishwa kuchagua kati ya cheti na dini ya nyumbani. Gharama yake ilionekana katika ofisi za serikali, ambako Waislamu walikuwa wachache mno. Riziki wakaitafuta katika biashara, udereva na ufundi.

Siasa haikudai ubatizo. Rwagasore, Mkatoliki na mwana wa Mwami Mwambutsa, alipata Buyenzi baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo, na Waislamu wa mtaa huo wakawa miongoni mwa waliokibeba chama cha UPRONA mjini hadi ushindi wa Septemba 1961.