Wingu Lilijengwa Cape Town, Kakuma Bado Wanaulizwa Kadi

Watu wangu wa Lodwar na Kakuma, kila kijana anayeanza kujifunza seva huku huambiwa wingu ni kitu cha Marekani. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, ilitokana na uhaba. Miaka ya 1960 kompyuta moja ilijaza chumba na bei yake haikuwa mchezo. Basi wahandisi wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, wakaandika programu ya kuigawa, kila mtumiaji aone kama ana yake peke yake. Mwaka 1972 IBM ikaitoa rasmi kwa jina VM/370. Sisi tunaielewa haraka: kisima kimoja, mitungi mingi.

Sasa sikieni hii. Agosti 2006 Amazon ilianza kukodisha mashine hizo, senti 10 za dola kwa saa, huduma inaitwa EC2. Kazi kubwa ya kuijenga ilifanywa na timu ndogo Cape Town, ikiongozwa na Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyetaka kurudi nyumbani. Mwanzoni ilibidi uandike amri. Ukurasa wa kubofya ulikuja 2009. Siku hizi unachagua eneo (Cape Town yenyewe imo tangu 2020), unachagua mfumo kama Ubuntu, ukubwa wa memori, unapakua faili ya ufunguo wako, unabofya. Dakika chache iko hewani. Ufunguo usipotee! Na ukimaliza, ifute kabisa. Ukiizima tu, diski bado inalipiwa.

Uzuri wake kwa mtu wa bando ndogo: kazi nzito inafanyika huko, kwako yanapita maandishi tu. Laptopu ya mitumba inatosha.

Lakini fomu ya kwanza inaitisha kadi ya benki. Wa Lodwar mwenye kitambulisho na M-Pesa anaweza, tangu 2022, kutengeneza kadi ya Visa kwenye simu. Kilomita kama 120 mbele, Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, kuna vijana waliozaliwa hapo hapo na karatasi zao bado hukataliwa sehemu nyingi. Umri mmoja, jua moja. Mmoja anabofya, mwingine anaazima kadi ya rafiki, na kazi yake yote inakaa kwa jina la mtu mwingine. Wakikosana, seva imeenda.

Anayepanga kuleta tena mafunzo ya wiki mbili Kakuma, aje kwanza na jibu la hiyo fomu.