Wimbi la Kuvunja Mawe ya Figo Lilizaliwa katika Kiwanda cha Ndege

Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, mgonjwa mwenye jiwe kwenye figo alishushwa ndani ya beseni la maji. Hakuna aliyeshika kisu. Mashine ilipiga pigo baada ya pigo, mawimbi yakapenya mwilini na kulivunja jiwe, na vipande vikaweza kutoka kwa njia ya mkojo.

Ni vigumu leo kupima ukubwa wa jambo hilo. Kabla yake, jiwe kubwa lililokataa kutoka lilimaanisha kupasuliwa ubavu na kulazwa siku nyingi. Na mawe ya figo yana tabia ya kurudi, kwa hiyo wapo waliokatwa tena penye kovu lile lile.

Chanzo cha mashine hiyo hakikuwa hospitali. Kampuni ya ndege ya Dornier ilikuwa ikichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoidhuru ndege inayokwenda kasi kuliko sauti. Tone likigonga chuma kwa kasi hiyo huzua wimbi la mshtuko linalosafiri ndani kwa ndani na kuleta madhara mbali na lilipogonga. Swali likazuka: wimbi kama hilo likipita mwilini litafanya nini?

Kulijibu kulichukua karibu muongo mzima, na hapo ndipo heshima yangu ilipo. Daktari Christian Chaussy na wenzake, pamoja na mwanafizikia Bernd Forssmann, waliwapandikizia mbwa mawe ya binadamu, wakajaribu na kurudia kabla ya kumgusa mtu. Cheche ya umeme ilipigwa chini ya maji, ndani ya bakuli la chuma lenye umbo la yai lililokatwa, na bakuli likayakusanya mawimbi mahali pamoja. Eksirei ilionyesha jiwe liwekwe wapi. Maji yalihitajika kwa sababu nyama ya mwili hulipitisha wimbi karibu sawa na maji. Linapokutana na jiwe gumu ndipo nguvu yake hupasua.

Marekani iliidhinisha mashine hiyo mwaka 1984. Baadaye beseni liliondoka, ukabaki mfuko wa maji na jeli. Dawa ya kila jiwe haikuwa: mawe makubwa sana au magumu mno huishinda mashine, na figo huweza kuvilia damu. Kwa wagonjwa wengi siku hizi madaktari huingiza kamera nyembamba na leza kupitia njia ya mkojo.

Hata hivyo mawimbi hayajaachwa. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kimebuni mawimbi mafupi ya ultrasaundi yenye nguvu ndogo zaidi, kwa msaada wa NASA, maana mifupa ya wanaanga hupoteza kalsiamu na kuwaweka katika hatari ya kupata mawe. Baadhi ya wagonjwa waliojaribiwa walikuwa macho, bila nusukaputi.