Kompyuta ya Baba Mdogo na Fundi wa Makoroboi

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi. Test zilikuwa zinafuatana kama daladala za Nyegezi asubuhi, sikuwa na muda hata wa kufua. Leo nina stori, na kwa kuwa mimi nasoma Historia basi mtaniwia radhi, itakuwa na miaka mingi ndani yake.

Stori inaanzia Magu, chini ya kitanda cha Bibi. Nilikwenda kumsalimia, akaniambia nitoe boksi moja linalofuga mende. Ndani nikakuta kitu kama kinanda, rangi ya kahawia, kizito. Commodore 64. Pembeni kuna transfoma yake nyeusi kama nusu mkate, redio yake ya kaseti, na kaseti tano. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: PAMBA 87.

Ilikuwa ya baba mdogo, marehemu, aliyekuwa karani wa pamba. Alirudi nayo kutoka Ujerumani Magharibi mwaka 1986 alikokwenda kwa kozi fupi. Bibi anasema watu walikuwa wanakuja usiku na stakabadhi zao za pamba, anazigonga humo, anawaambia hesabu yao imekaa sawa au imepinda. "Ndicho alichokuwa anakesha nacho," akasema. Nikamwomba boksi, akanipa, ila kwa sharti nimwambie kilichomo.

Sasa hapo ndipo tabu ilipoanza. Kompyuta ile haina kioo chake. Haikuwahi kuwa nacho. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule, kama ZX Spectrum na Commodore 64 za mwaka 1982, zilitengenezwa uchomeke kwenye televisheni ya sebuleni. Ndiyo maana zilikuwa rahisi kidogo. Kule Uingereza mtoto wa miaka kumi aliweza kukaa mbele ya TV ya wazazi wake akajifunza kuandika programu.

Na kwetu je? Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu nilipolisema hili kwenye semina nusu ya darasa walidhani natunga. Tanzania ilipata kompyuta mapema tu. Ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Lakini kuingiza hesabu za serikali kwenye mashine kulikwenda vibaya, wataalamu walitoka nje, pesa za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu. Televisheni nazo zilikuwa kwenye kundi hilohilo la vitu visivyotakiwa bara. (Zanzibar walikuwa na TV yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wazenji na mambo yao!)

Wengi wakisikia hivyo wanacheka, wanasema ushamba. Mimi sicheki. Nchi iliyokuwa inahangaika na bei ya mafuta baada ya 1973 ilikuwa na haki ya kuuliza kompyuta inamsaidia nani. Nadhani kosa liko kwingine: waliofunga mlango walikuwa wanaifikiria kompyuta ya ofisini, ile kubwa kama kabati. Hakuna aliyejua kwamba miaka michache baadaye itakuja ya mezani, inayohitaji televisheni tu. Mlango ukawa umefungwa pande zote mbili, mashine na kioo chake.

Baba mdogo alipenya vipi forodhani sijui, Bibi naye hasemi, anacheka tu. Kioo alipata kitelevisheni cha rangi nyeusi na nyeupe alichonunua Kisumu. Kilikufa zamani.

Marufuku ililegea kidogo kidogo. Mwaka 1994 vituo vya televisheni vikaanza bara, ITV wakiwemo. Na mwaka huohuo, mwezi Aprili, kampuni ya Commodore ikafilisika! Nilipoziona tarehe hizi mbili kwenye daftari langu nilikaa kimya dakika nzima. Siku Mtanzania wa kawaida alipoanza kununua TV, kompyuta ya kuchomeka kwenye TV ilikuwa imeshakufa. Sisi tulirukia moja kwa moja kwenye PC yenye monita yake. Ndiyo maana ukitafuta Mwanza nzima mtu aliyekua na Commodore utachoka.

Haya, turudi kwenye boksi. TV ya chogo sikuipata nzima; baada ya mitambo ya analojia kuzimwa hapa Mwanza mwaka 2013 watu wengi walizitupa au kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilichokuwa nacho ni monita ya LCD ya inchi 17, niliyoinunua kwa jamaa anayeuza vitu vya ofisi vilivyochoka. Ina tundu la VGA tu. Nikadhani natafuta waya wa kugeuza basi kazi imekwisha. Wapi!

Nikaibeba mpaka Makoroboi kwa mzee mmoja anayetengeneza TV. Nikamwamkia shikamoo, akaitika huku anaitazama Commodore. "Kinanda hiki mjukuu wangu hakina spika?" Nikamweleza. Akaweka miwani.

Aliyonieleza yeye hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza. Commodore inachora mistari kama 15,600 kwa sekunde, kwa sababu ndivyo TV za mfumo wa PAL zinavyochora. VGA, iliyotoka mwaka 1987, inachora mara mbili, kama 31,500. Ukiipa monita kama hii mistari 15,600 inakuambia haiwezi, inazima. Halafu VGA inataka nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye waya wake, wakati Commodore inazitoa zimechanganywa kwenye waya mmoja. Kwa hiyo waya wa kugeuza peke yake ni kujidanganya.

"Tatizo si kioo," akasema. "Kioo kizima. Tatizo ni ubongo wake."

Akafungua monita, akatoa bodi yote ya asili. Akaleta bodi ya kichina, ile ambayo mafundi wanaiita universal, wanayoitumia kufufua TV za flat zilizokufa. Ina VGA, ina HDMI, na ina AV, na AV ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Bodi inaongea na kioo kwa kebo nyembamba yenye waya kama nywele. Kuna mambo mawili aliyakazania: kuiambia bodi kioo ni cha 1280 kwa 1024, na kile kipini kidogo cha kuchagua volti za kioo. Vioo vingi vya saizi ile vinataka volti 5. Ukikiweka kwenye 12, umenunua dirisha. Alisoma namba ya nyuma ya kioo mara tatu kabla ya kuwasha.

Mkono wangu ukaenda kuchomeka transfoma ya Commodore ukutani. Akanizuia. Akaipima kwa testa: badala ya volti 5 ilikuwa inatoa zaidi ya 6. Wanaozijua mashine hizi wanasema transfoma zile zikizeeka hupandisha volti na kuunguza kumbukumbu. Yaani ningeua miaka yote ile kwa sekunde moja. Akanitengenezea nyingine, ya volti 5 na volti 9 za AC, ikala hela yangu ya kula ya wiki nzima. Sijutii.

Tukawasha. Kioo kikawa bluu. Juu ikaandika kwamba baiti 38911 za BASIC ziko wazi, na chini READY. Watu wa vibanda vya jirani walikuja kuangalia. Ila maandishi yalikuwa yanacheza na kuota rangi pembeni. Mzee akachomoa waya wa picha, akaupeleka kwenye pini nyingine ya nyuma, ile inayotoa mwanga bila rangi. Herufi zikatulia kabisa, nyeusi na nyeupe. Kama alivyoziona baba mdogo kwenye kile kitelevisheni cha Kisumu.

Kaseti ilinigomea jioni nzima hosteli. LOAD ERROR, mara nne. Nikasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, nikazungusha kidogo ile skrubu yake, mara ya tano ikaingia. Programu inauliza kwa Kiswahili: MKULIMA? KILO? AR AU BR? (Vijana wa mjini, AR ni pamba safi, BR ni daraja la pili.) Nikaandika LIST nione ilivyotengenezwa, na chini kabisa, kwenye mistari ya DATA, kuna majina. Kama arobaini hivi, na kilo zao. Jina la tisa ni la Bibi.

Nikampigia palepale, saa tatu usiku. Nikamsomea: kilo 212, AR.

Akanyamaza kidogo. "Hizo ni za AR tu," akasema. "Na za BR ziko wapi?"

Zimebaki kaseti nne.