Kipimo Kilichozaliwa Vineland

Mwaka 1908, katika shule ya Vineland, New Jersey, mwanasaikolojia Henry Goddard aliuleta Marekani mtihani wa akili wa Mfaransa Alfred Binet. Mtoto alijibu maswali, akapewa alama, na kwa alama hiyo akahukumiwa.

Mwanasaikolojia Edgar Doll aliona hilo halitoshi. Mwaka 1935, shuleni hapohapo, alitoa kipimo chenye vipengele 117 vya maisha ya kila siku: je, mtoto anajivua soksi? Anakula kwa uma? Anatembea mtaani peke yake? Aliyeulizwa ni mzazi au mlezi, mtu anayemjua mtoto kweli. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kuelekea haki.

Lakini uma haumpimi mtoto anayekula ugali kwa mkono. Ndiyo maana huko Kilifi, Kenya, watafiti walitunga kipimo chao cha makuzi ya watoto wadogo. Maswali ya kigeni yasiyojaribiwa kwanza kwa watoto wetu yasitumiwe kuwahukumu.